Gbadolite: Uwanja wa Ndege Uliowaruka Wananchi

Tumezoea kuzisoma tawala za Afrika baada ya uhuru kwa katiba zake, kwa hotuba za viongozi wake na kwa mapinduzi yaliyoziangusha. Ni mara chache tunazisoma kwa kile zilichokijenga ardhini. Hata hivyo, jengo, bwawa au barabara ni waraka wa serikali kama ulivyo muswada wa sheria: humweleza msomaji makini fedha zilitoka kwa nani, zikaenda wapi, na nani alikusudiwa kunufaika. Leo napenda tuusome waraka mmoja wa namna hiyo, uwanja wa ndege wa Gbadolite, kaskazini mwa Kongo.

Gbadolite iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kinshasa, katika eneo la misitu karibu na mto Ubangi, ambao ni mpaka wa Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mobutu alizaliwa Lisala mwaka 1930, lakini asili ya ukoo wake ni Gbadolite, na wakati anatwaa madaraka Novemba 1965 hapo palikuwa kijiji kidogo tu. Katika miaka ya 1970 na 1980 kijiji hicho kiligeuzwa mji: kasri la rais, kasri jingine huko Kawele, hoteli ya kifahari, na bwawa la umeme Mobayi-Mbongo. Pamoja na hayo ukajengwa uwanja wa ndege wenye njia ya kurukia ya takriban mita 3,200.

Urefu huo una maana yake. Ndege ndogo za abiria zinazohudumia miji ya mashambani hutosheka na njia fupi kuliko nusu ya hiyo, tena mara nyingi ya changarawe. Njia ya mita 3,200 yenye lami nene hujengwa kwa ajili ya ndege kubwa za masafa marefu. Mobutu alikuwa na tabia ya kukodi Concorde kutoka Ufaransa, ndege iliyobeba abiria wapatao 100 kwa kasi ya zaidi ya kilomita 2,000 kwa saa, nayo ilitua Gbadolite. Kwa hiyo mtu aliweza kupata kifungua kinywa pembezoni mwa msitu wa Ubangi na chakula cha jioni Paris.

Sasa tumtazame mkulima wa eneo hilohilo. Nchi ya Ubangi ilikuwa ya pamba na kahawa, mazao yaliyohitaji kusafirishwa hadi bandari za mto Kongo, kama Lisala na Bumba, ili yapakiwe majahazi ya kwenda Kinshasa. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960 ilirithi mtandao wa barabara wa zaidi ya kilomita 100,000, nyingi zikiwa za vumbi. Tusiusifu urithi huo kupita kiasi, kwa kuwa barabara nyingi zilichimbwa na kutunzwa kwa kazi za shuruti, kwa faida ya makampuni ya kikoloni. Lakini zilipitika. Katika miongo mitatu ya Mobutu sehemu kubwa ya mtandao huo ilimezwa na majani, madaraja yakaoza, vivuko vikasimama, na gunia la kahawa likaanza kubebwa kwa baiskeli mahali lilipokuwa likipanda lori.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Barabara, hata ijengwe kwa nia gani, hulazimika kuwapitia watu. Aliyeko njiani huuza ndizi zake, humpeleka mgonjwa hospitali, na siku akikasirika huifunga. Ndege huwaruka watu. Mtawala mwenye uwanja wa ndege mlangoni kwake anaweza kukaa bila kukutana na nchi anayoitawala. Gbadolite iliunganishwa na Ulaya wakati vijiji vya jirani vilikuwa vikitenganishwa kimoja na kingine.

Uwanja huo ulitumika pia kama sebule ya siasa za bara. Tarehe 22 Juni 1989 marais wa nchi kadhaa za Afrika walikusanyika Gbadolite kumshuhudia José Eduardo dos Santos wa Angola akishikana mkono na mpinzani wake Jonas Savimbi. Mapatano hayo hayakudumu. Aprili 4, 1994, Juvénal Habyarimana wa Rwanda alikuwa hapo kwa mashauriano na mwenyeji wake. Siku mbili baadaye ndege yake ilitunguliwa juu ya Kigali.

Kufikia wakati huo Gbadolite ilikuwa imekwisha kuwa maficho. Septemba 1991 askari wa miavuli waliochoshwa na ujira duni waliasi huko Kinshasa, wakauvamia uwanja wa ndege wa Ndjili, na uporaji ukaenea mjini. Januari 1993 ukatokea uporaji mwingine, safari hii baada ya askari kulipwa kwa noti mpya ambazo wafanyabiashara walizikataa. Mfumuko wa bei ulikuwa ukihesabiwa kwa maelfu ya asilimia. Rais alizidi kujitenga na mji mkuu, akawa anaitawala nchi kutoka kijijini kwake.

Mwisho wake tunaufahamu. Mei 16, 1997, Mobutu, akiwa mgonjwa wa saratani, aliondoka Kinshasa kwenda Gbadolite. Kesho yake majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yaliingia Kinshasa, yakiwa na vijana wadogo walioitwa kadogo, wengi wao wakisema Kiswahili cha mashariki katika mji wa Kilingala. Mei 18 Mobutu aliiacha nchi. Katika njia ile iliyojengwa kupokea Concorde aliondoka kwa ndege ya mizigo, na askari wake mwenyewe, wakiona wametelekezwa, wakaifyatulia risasi. Alikwenda Togo, kisha Morocco, akafia Rabat Septemba 7 mwaka huohuo. Makasri yaliporwa hadi vigae.

Njia ya kurukia haiporwi. Mwaka 1999 kundi la MLC la Jean-Pierre Bemba liliitwaa Gbadolite na kuifanya makao yake makuu, na ndege za jeshi la Uganda, mfadhili wake, zikatua hapo. Baadaye zilikuja ndege za Umoja wa Mataifa, na vita vya Jamhuri ya Afrika ya Kati vilipozidi mwaka 2013, mashirika ya misaada yaliutumia uwanja huo kuwahudumia wakimbizi waliovuka Ubangi. Mwaka 2015 Gbadolite ikawa makao makuu ya mkoa wa Nord-Ubangi. Uwanja wa anasa ukawa mlango wa dawa na chakula, kwa kuwa barabara hazikuwapo.

Kuna atakayesema kwamba huo ni ushahidi wa kuutetea ujenzi wenyewe. Hoja hiyo inastahili jibu la haki. Marais wengine nao walijenga viwanja nyumbani kwao au jirani na kwao: Félix Houphouët-Boigny huko Yamoussoukro, Daniel arap Moi huko Eldoret, ambako upinzani ulikuwa mkali. Eldoret hata hivyo ilipata ndege za mizigo, kwa sababu uwanja uliwekwa katika nchi ya mashamba na biashara, kando ya njia kuu ya kwenda Uganda. Uwanja haukuiumba biashara hiyo; uliikuta. Ni kwa kipimo hicho tunapaswa kuupima uwanja wa Chato, na mwingine wowote utakaopendekezwa kesho, bila ushabiki na bila chuki.

Kipimo chenyewe hakihitaji utaalamu wa anga. Kabla ya kuhesabu mita za njia ya kurukia, Bunge liulize mkulima aliye kilomita 50 kutoka hapo anafikaje uwanjani, kwa barabara gani, akiwa amebeba nini. Wabunge wa Kinshasa, chini ya chama kimoja, hawakuwa na ruhusa ya kuliuliza swali hilo. Wa kwetu wanayo.