Herufi za Chidigo, Kutoka Kalamu hadi Kivinjari

Wadigo wa Kwale, katika pwani ya Kenya, ambako Diani na Msambweni ni sehemu ya nchi yao, waliandika lugha yao, Chidigo, kwa herufi za Kiarabu au kwa herufi za Kilatini zitumikazo katika Kiswahili, na njia hii ya pili ndiyo iliyofuatwa katika Agano Jipya la Chidigo lililokamilika mwaka 2007. Sauti ya pekee itamkwayo kwa midomo miwili huandikwa ph, yaani kwa herufi mbili za kawaida, na toni haiwekewi alama. Uamuzi huo una thamani kubwa, kwa kuwa kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, huonyesha herufi hizo bila kuhitaji fonti maalumu. Hati ya Kiarabu, ambayo herufi zake hubadilika umbo kulingana na nafasi katika neno, hudai fonti na programu zinazojua kuziunganisha. Kanuni za mitindo ya kurasa, yaani CSS, zilizotolewa mwaka 1996, zilimwezesha mtengenezaji kutaja fonti kadhaa kwa mpangilio, ili ya kwanza ikikosekana kivinjari kitumie inayofuata. Kwa hiyo urithi wa hati zote mbili za pwani unaweza, na unapaswa, kusomeka ipasavyo katika kila kifaa.