Mtaa wa Mifflin: Kutoka Mabomu ya Machozi hadi Kikombe cha Bia

Jumamosi ya Mei 3, 1969, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison walijimwaga katikati ya Mtaa wa West Mifflin kucheza muziki. Walichotaka ni sherehe ya mtaa. Polisi wakaja na kofia ngumu, virungu na mabomu ya machozi, na vurugu zilizozuka hazikutulia kwa siku 3. Miongoni mwa waliotiwa mbaroni alikuwemo diwani wa eneo hilohilo, Paul Soglin, kijana wa miaka 24. Miaka 4 baadaye wapiga kura wa Madison walimchagua kuwa meya.

Miaka ilipita, na sherehe ya Mifflin ikawa desturi ya kila mwaka, wikendi ya mwisho kabla ya mitihani ya Mei. Maelfu ya watu walioihudhuria walijua jambo moja tu kuihusu: kuna bia. Wengi waliokamatwa hapo hawakukamatwa kwa kupinga vita wala kumtupia polisi jiwe. Walikamatwa kwa sababu walikuwa na miaka 20, au walikuwa wamesimama hatua moja nje ya uwanja wa nyumba, kikombe mkononi. Namna sherehe ya siasa ilivyogeuka kuwa kesi za vikombe inaeleza mengi kuhusu Marekani na vijana wake, na inawahusu pia vijana wa Afrika Mashariki wanaokwenda kusoma huko. Madison si mji wa mbali sana na Kiswahili: chuo chake kilianzisha idara ya lugha na fasihi za Kiafrika mwaka 1964, na Kiswahili kinafundishwa humo hadi leo.

Mji wenyewe umebanwa kati ya maziwa mawili, Mendota na Monona. Jengo la bunge la jimbo liko upande mmoja, chuo upande wa pili, na katikati umenyooka Mtaa wa State wenye maduka na baa. Mifflin uko karibu, mwendo wa miguu tu. Nyumba zake ni za mbao, nyingi za ghorofa mbili, zimepangishwa wanafunzi, na zina vibaraza vipana vinavyotazama barabara. Kutoka kibarazani unashuka ngazi, unakanyaga majani ya uwanja mdogo, kisha unafika njia ya waenda kwa miguu. Mpaka huo mdogo wa majani na saruji umewagharimu vijana wengi fedha nyingi.

Mwaka 1969 pombe haikuwa kiini cha ugomvi. Nchi ilikuwa imegawanyika kwa ajili ya vita vya Vietnam. Oktoba 18, 1967, wanafunzi wa Madison walikaa chini ndani ya jengo la chuo kuizuia kampuni ya Dow, iliyotengeneza mabomu ya moto ya napalmu, isisaili watu wa kuajiri. Polisi waliwatoa kwa virungu, na kwa mara ya kwanza moshi wa mabomu ya machozi ukatanda kwenye uwanja wa chuo hicho. Soglin alikuwa mmoja wa waliopigwa siku hiyo. Kwa hiyo Mei 1969, pande mbili zilizokutana Mifflin zilikuwa zinajuana na zina kinyongo. Bia ilikuwepo, ila hakuna aliyeihesabu kuwa kosa, kwa kuwa sheria ya Wisconsin ilimruhusu kijana wa miaka 18 kunywa bia.

Ruhusa hiyo ilikuwa na mizizi. Wisconsin ni jimbo la walowezi wa Kijerumani, na Milwaukee, mji wake mkubwa, uliishi kwa viwanda vya Pabst, Schlitz, Miller na Blatz. Marekani ilipopiga marufuku pombe nchi nzima kuanzia Januari 1920, jimbo hilo lilitii kwa shingo upande. Seneta wake, John J. Blaine, ndiye aliyeandika muswada wa kuiondoa marufuku hiyo, na Wisconsin ikawa jimbo la pili kuuridhia, Aprili 1933. Mwaka huohuo bia nyepesi ilianza kuuzwa ndani ya jengo la umoja wa wanafunzi, kwenye ukumbi uitwao Rathskeller wenye kuta zilizopambwa kwa michoro ya Kijerumani. Ulikuwa umoja wa kwanza wa chuo cha umma nchini humo kuuza bia. Profesa na mwanafunzi walikaa meza moja, mbele ya macho ya kila mtu, na hakuna aliyehitaji kujificha.

Halafu umri ukaanza kuyumba. Mwaka 1971 Katiba ya Marekani iliwapa haki ya kupiga kura vijana wa miaka 18. Hoja ilikuwa nzito: anayepelekwa vitani ana haki ya kuchagua wanaompeleka. Majimbo mengi yakaifuata hoja hiyo hadi kwenye baa. Wisconsin ilishusha umri wa kunywa kileo chochote hadi miaka 18 mwaka 1972. Jirani yake Illinois nayo ililegeza, kisha ikajutia, na mwaka 1980 ikarudi kwenye miaka 21. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Vijana wa Illinois walivuka mpaka kwenda kunywa Wisconsin, kisha wakarudi usiku wakiendesha. Walikufa, na wakaua wengine barabarani.

Mwaka huohuo wa 1980, mama mmoja wa California, Candy Lightner, alianzisha chama cha akina mama wanaopinga ulevi barabarani baada ya dereva mlevi kumuua binti yake. Sauti yake ilifika Washington. Julai 17, 1984, Rais Ronald Reagan alitia saini sheria ambayo haikulilazimisha jimbo lolote kupandisha umri. Ilisema tu kwamba jimbo litakaloacha watu walio chini ya miaka 21 wanunue pombe litakatwa sehemu ya fedha za barabara kuu: asilimia 5 mwaka wa kwanza, kisha 10. South Dakota ilikwenda mahakamani ikidai hiyo ni hila ya kulipora jimbo mamlaka yake. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu iliikatalia kwa kura 7 dhidi ya 2. Wisconsin haikusubiri hukumu: ilikuwa imepanda hadi miaka 19 mwaka 1984, na Septemba 1, 1986, ikafika 21. Hata hivyo haikuuacha utamaduni wake wote. Mpaka leo kijana wa jimbo hilo anaweza kunywa kihalali akiwa pamoja na mzazi wake.

Sheria ya miaka 21 iliokoa maisha barabarani, na hilo halipaswi kubezwa. Lakini kwenye miji ya vyuo iliacha tatizo ambalo halijaisha. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza huingia chuo akiwa na miaka 18 na hutoka akiwa na 22. Kwa sehemu kubwa ya masomo yake haruhusiwi kuingia baa, huku mwenzake wa chumba cha jirani anaruhusiwa. Unywaji ulihama kutoka Rathskeller, penye mhudumu, taa na saa ya kufunga, ukaingia sebuleni, penye pipa la bia na vikombe vyekundu vya plastiki, bila mtu mzima wa kusema basi. Makosa mengi ya wikendi za sherehe yalizaliwa na uhamaji huo.

Kwanza, kosa la mwenye shughuli. Wanafunzi wanne wanaoishi nyumba moja hununua pipa, kisha huwatoza wageni dola chache kwa kikombe ili kurudisha gharama. Kwao huo ni mchango. Kwa sheria ya Wisconsin ni kuuza pombe bila leseni, hata kama senti zote zimeishia kwenye pipa. Mgeni mmoja akiwa hajafika miaka 21, linaongezeka kosa la kumpa mtoto kileo, lenye faini inayofika dola 500 kwa mara ya kwanza. Polisi wanaweza kuandika kila kosa peke yake, na nyumba iliyojaa watu huweza kugeuka deni la mamilioni ya shilingi kwa usiku mmoja. Kumtuma askari kanzu apange foleni, anunue kikombe na kuondoka ni mbinu ya siku nyingi.

Pili, kosa la mnywaji. Anayekamatwa na bia chini ya umri kwa mara ya kwanza huandikiwa faini, wala haliwi kosa la jinai. Kinachomponza zaidi ni kinywa chake. Akitaja jina la uongo, au akitoa kitambulisho cha kaka yake, amemzuia ofisa kutekeleza kazi yake, na hilo ni kosa la jinai lenye kifungo kinachoweza kufika miezi 9. Vijana wengi wenye hofu walibadilisha faini kuwa kesi kwa sentensi moja. Na aliye chini ya miaka 21 akishika usukani, sheria haimwachii hata tone: kipimo chake ni sifuri.

Tatu, kile kikombe kilichoshuka ngazi. Mtu wa miaka 30, mwenye kitambulisho halali, aliyenunua bia yake dukani, anaandikiwa faini akitoka nayo uwanjani na kusimama kwenye njia ya waenda kwa miguu. Kila majira ya kuchipua polisi wa Madison walirudia maelezo hayo kabla ya sherehe: baki kwenye kibaraza, usitoke na chombo kilichofunguliwa, acha chupa za kioo. Wakazi wa siku nyingi waliyajua. Wageni waliokuja kwa mabasi kutoka vyuo vingine hawakuyajua, na ndio waliojaza orodha ya waliotozwa faini.

Jiji lilijaribu mengi. Mwaka 1996 sherehe ya Mifflin iliishia kwa moto mkubwa uliowashwa barabarani, na wazimamoto waliokuja kuuzima wakashambuliwa. Kwenye Mtaa wa State, sikukuu ya Halloween ilivuta makumi ya maelfu ya watu waliovaa vinyago, na tangu 2002 ilikuwa ikimalizika kwa vioo vya maduka kuvunjwa na polisi kufukuza umati kwa moshi na dawa ya pilipili. Mwaka 2006 jiji liliweka uzio, taa kali na tiketi ya dola 5. Kisha likaongeza majukwaa ya muziki na jina jipya, Freakfest. Tiketi ile ndogo ilifanya kazi ambayo virungu vilishindwa: ilipunguza umati, ikawapa waliobaki kitu cha kutazama zaidi ya kutazamana na askari. Freakfest iliendelea kwa zaidi ya miaka 10.

Mwaka 2011 walijaribu njia kama hiyo Mifflin. Waandaaji walipewa kibali, na waliotimiza miaka 21 walivishwa utepe wa mkononi ulioruhusu bia barabarani. Wiki hizohizo Soglin alikuwa amerejea kwenye kiti cha umeya, miaka 42 baada ya kukamatwa kwenye mtaa uleule. Watu wapatao 20,000 walikuja, wawili wakachomwa visu, na zaidi ya 160 wakakamatwa. Tofauti na Halloween, hapa kibali kilifungua barabara bila kuweka lango, na kila nyumba ikabaki na pipa lake. Soglin aliamua sherehe hiyo imefika mwisho. Aliyeipigania kama haki ya raia aliona haki hiyo imekwisha kutoweka zamani, na waliobaki wanaletwa na ulevi. Uamuzi wake uliwakera wengi, lakini alikuwa na sababu ya kuuchukua. Mwaka 2013 chuo kilianzisha tamasha lake la muziki siku ileile, na polisi wakatangaza kwamba Mifflin hakuna sherehe. Sherehe haikufa. Ilirudi vibarazani.

Kwa mwanafunzi aliyetoka Mwanza au Kampala, hatari ni kubwa kuliko kwa mwenzake aliyezaliwa Milwaukee. Wisconsin ndilo jimbo pekee la Marekani ambako kuendesha gari umelewa kwa mara ya kwanza kwa kawaida si kosa la jinai. Mwenyeji hulipa faini, hunyang'anywa leseni kwa muda, maisha yakaendelea. Mgeni yuko chini ya kanuni nyingine. Tangu 2015 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani imewaruhusu maofisa wake kufuta viza ya mtu aliyekamatwa kwa kosa hilo ndani ya miaka 5 iliyopita, bila kungoja hukumu. Anayefutiwa huenda akabaki darasani akamaliza muhula, lakini akisafiri kwenda kumzika mzazi, atalazimika kuomba viza upya ubalozini, na kule faili lake linamsubiri.

Mabadiliko yenye utu zaidi hayakuanzia Madison. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, kiliweka utaratibu kwamba mwanafunzi anayempigia simu ya msaada mwenzake aliyezidiwa na pombe hataadhibiwa na chuo kwa kunywa kwake mwenyewe. Watafiti wa chuo hicho waliona simu za dharura zikiongezeka, bila dalili kwamba watu walikuwa wakinywa zaidi. Vyuo vingine vikaiga, kisha mabunge ya majimbo. Wisconsin ilipitisha sheria yake mwaka 2016: kijana wa chini ya miaka 21 anayepiga simu kumwokoa mwenzake, akabaki naye na kushirikiana na waokoaji, haandikiwi faini ya unywaji. Kabla ya hapo, kijana aliyemwona rafiki yake amelala chali, midomo imegeuka rangi ya samawati, pumzi zinakatika, alilazimika kupima kati ya uhai wa mwenzake na faini yake mwenyewe, mara nyingi naye akiwa amelewa, sebule ikiwa imejaa watu wanaomsihi asiwaite polisi.