Matibabu ya mkumbo wodini

Matibabu ya mkumbo ni desturi ya kuwapa wagonjwa wote waliolazwa huduma ileile bila kuangalia hali ya kila mmoja. Huota mizizi pale wodi zinapojaa na wauguzi wakawa wachache, tatizo linalozikabili hospitali za umma za Kenya, kuanzia Nairobi hadi miji kama Kibwezi, Kaunti ya Makueni. Kuwa na mwongozo mmoja wa matibabu kwa wagonjwa wote si kosa kwenyewe: huokoa maisha usiku daktari anapokuwa mbali, mradi mtoto apimwe uzito kabla ya kupewa dozi.

Hatari ya mkumbo ilidhihirika katika utafiti wa FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011. Ulihusisha watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Kuwaongezea maji mengi ya mshipani kwa haraka, tiba iliyozoeleka katika nchi tajiri, kulizidisha vifo: ndani ya saa 48 walifariki takribani asilimia 10.5, dhidi ya 7.3 ya wasioongezewa. Wenye kuharisha hawakuhusishwa, kwani hao mahitaji yao ya maji ni mengine. Mzazi ana haki ya kuuliza kwa nini mwanawe anatundikiwa dripu, na aulize.