Barua ya Kurasa 33 na Historia ya Kupambanua Usonji

Mnamo mwaka 1938, katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, mwanasheria Beamon Triplett alimwandikia tabibu Leo Kanner wa hospitali ya Johns Hopkins barua ya kurasa 33, akimweleza habari za mwanawe Donald, mtoto aliyestarehe zaidi akiwa peke yake, aliyependa kuzungusha vitu sakafuni, na ambaye, ijapokuwa alijua kuhesabu hata 100, hakuitika alipoitwa. Kanner alipochapisha makala yake ya mwaka 1943 juu ya watoto 11, Donald ndiye aliyetajwa kwanza. Basi elimu ya kupambanua usonji, tangu asili yake, imesimama juu ya ushahidi wa mzazi.

Nalikumbusha jambo hili kwa ajili ya akina mama wa Chwele, huku kwetu Bungoma, ambao aghalabu hudhaniwa hawana la kumfunza daktari. Hata leo hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo iwezayo kuthibitisha usonji; kuna kumtazama mtoto akicheza, na kumsikiliza aliyemlea. Baadhi ya wale watoto 11 wa Kanner walidhaniwa viziwi, na dhana hiyo ingaliko vijijini kwetu, ndiyo maana ni wajibu masikio yapimwe kwanza.

Hapa Kenya mlango ulifunguliwa mwaka 1984, Wizara ya Elimu ilipoanzisha, kwa msaada wa Denmark, vituo vya kuwapima watoto wenye ulemavu wilayani. Na mwaka 2003 wazazi wenyewe waliunda chama chao cha usonji. Vigezo navyo vilikuwa vikibadilika ng'ambo: mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliutambua usonji kuwa hali ya pekee, na mwaka 2013 wakaziunganisha sura zake mbalimbali chini ya jina moja. Maswali ya kupimia usonji yaliyotungwa huko hayafai kuchukuliwa bila tahadhari, kwa kuwa mtoto wa Kibukusu ainamishaye macho mbele ya kukhu (nyanya) wake amefunzwa adabu, wala hiyo si alama ya usonji. Lakini mtoto wa mwaka mmoja na nusu asiyemwonyesha mamaye kitu kwa kidole, wala kugeuka aitwapo jina, apelekwe kupimwa Bungoma au Kitale upesi, bila kungoja akue.

Kwa watu wazima, ambao wengi wao walipita shuleni wakiitwa wakaidi au wajinga, shida ni kubwa zaidi, maana tabibu hutaka kujua jinsi mtu alivyokuwa utotoni, ilhali kadi ya kliniki imekwisha potea na mwalimu wa darasa la kwanza amekwisha fariki. Hapo huitwa mama mzazi, au shangazi, au kaka mkubwa, aketi na kusimulia kwa kirefu, na insafu yataka tabibu aandike kila neno.