Unataka kufuga samaki wakubwa wa Ziwa Tanganyika nyumbani? Soma hapa kabla hujanunua tangi

Leo tuweke siasa pembeni kidogo. Kuna vijana wengi siku hizi wananunua matangi ya vioo na kuyaweka sebuleni, na samaki wanaotamaniwa sana ni wale wakubwa wenye nundu kichwani. Ni wazuri kweli, hilo sibishi. Tatizo ni kwamba wengi wao wanakufa ndani ya mwaka, na anayewaua ni mwenye tangi mwenyewe bila kujua.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Nilinunua samaki watano wenye urefu wa kidole, nikawaweka kwenye tangi la sm 60 kwa 30 kwa 30. Piga hesabu: hizo ni lita 54 tu. Muuzaji akaniambia "usijali kaka, samaki hukua kulingana na tangi." Nikaamini. Baada ya miezi kadhaa umeme ukakatika usiku, asubuhi nikakuta wanne wanaelea. Yale maneno ya muuzaji ni uongo mtupu. Samaki hajui ukubwa wa kioo. Kinachomdumaza ni maji machafu, na samaki aliyedumaa ni mgonjwa.

NI SAMAKI GANI HAWA?

Ni wa familia ya Cichlidae, hapa tuwaite sikilidi. Usione jina geni, unawajua. Sato na perege unaokula na ugali ni sikilidi. Furu wa Ziwa Victoria ni sikilidi. Kuhe wa Kigoma, anayepita nusu mita, naye ni sikilidi, tena ni miongoni mwa wakubwa kabisa duniani. Huyo muache ziwani au kwenye sahani, tangi la nyumbani halimtoshi.

Anayefugika ni frontosa (Cyphotilapia frontosa), aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1906. Ana mistari myeusi ubavuni, rangi ya bluu kwenye mapezi, na nundu kwenye paji inayoongezeka kadiri anavyozeeka. Wafugaji wa Ulaya na Marekani humwita kwa sehemu alikotoka: wa Burundi ana mistari sita, wa Kigoma anajulikana kwa mistari saba. Wale wa kusini mwa ziwa walitenganishwa mwaka 2003 wakawa spishi yao, Cyphotilapia gibberosa.

Ziwani frontosa anaishi kwa makundi kwenye miamba, mara nyingi kina cha mita 20 hadi 50. Mzamiaji hawezi kumpandisha juu kwa mkupuo, kwani kibofu chake cha hewa kitavimba na kumuua. Humpandisha kwa hatua, kwa siku kadhaa. Ndiyo maana bei yake si ya mchezo. Afadhali ununue waliozaliwa kwenye matangi.

TANGI

Dume mkubwa hufika sm 30 na zaidi, na akitunzwa anaweza kuishi miaka 15 hadi 20. Hapendi upweke. Weka dume mmoja na majike manne au matano. Kundi hilo linahitaji tangi la sm 150 kwa 60 kwa 60, yaani lita 540. Kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hapo una zaidi ya nusu tani, bila kuhesabu kioo, mchanga na mawe. Meza ya chai haibebi mzigo huo. Stendi iwe ya chuma au mbao nene, na ikae kwenye sakafu ya zege iliyo sawasawa. Kama umepanga ghorofani, fikiria mara mbili.

Ndani weka mchanga na mawe makubwa yenye mapango. Mawe yakae moja kwa moja kwenye sakafu ya tangi kabla hujamwaga mchanga, maana samaki wakichimba chini yake yanaweza kuporomoka na kupasua kioo.

MAJI

Hapa ndipo penye siri yote: ukiyatunza maji, samaki watajitunza wenyewe.

Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu na yana pH ya karibu 9. Tangini lenga pH 8 hadi 9 na joto la nyuzi 24 hadi 27. Kama maji yako ni laini, weka vipande vya mawe ya chokaa au makombe yaliyooshwa vizuri. Usithubutu kuweka chokaa ya kupaka ukuta, utawaua wote.

Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, tena pH ikiwa juu sumu huzidi makali. Kwenye chujio huota bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, nayo ni sumu, kisha kuwa naitreti, ambayo ni nafuu. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kukomaa. Kwa hiyo:

1. Washa tangi na chujio wiki hizo zote kabla ya kuleta samaki. Tia chakula kidogo ili bakteria wapate riziki, na pima mpaka amonia na naitraiti zisome sifuri.
2. Kila wiki badilisha robo ya maji. Usibadilishe yote.
3. Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi siku nzima, au tumia dawa ya kuondoa klorini.
4. Sponji ya chujio ioshe kwa maji uliyoyatoa tangini. Ukiiosha bombani, klorini itaua bakteria wako.

UMEME UKIKATIKA

Usiwalishe. Washa pampu ya hewa ya betri. Kama huna, chota maji ya tangi kwa jagi na uyamwage toka juu, rudia mara kwa mara, hewa itaingia. Kama chujio ni la kufungwa na limezima kwa saa nyingi, lifungue na ulisuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuliwasha, vinginevyo litatapika uchafu wote kwa samaki. Mimi nililiwasha tu. Wa tano akafa mchana.

CHAKULA NA UZAZI

Wape chakula cha punje kinachozama, mara moja au mbili kwa siku, kidogo kidogo. Kamba na vipande vya samaki wabichi ni vizuri mara mojamoja. Nyama ya ng'ombe hapana, mafuta yake hawayawezi.

Jike huatamia mayai mdomoni kwa wiki 4 hadi 6, na muda huo hula kidogo sana au asile kabisa. Ukimuona kidevu kimejaa na anakataa chakula, usimsumbue.

UKICHOKA KUFUGA

Mpe mfugaji mwingine. Usimwage samaki mtoni wala ziwani, hata kama unaona huruma. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za furu zikatoweka. Kosa la ndoo moja halirudishwi na ndoo nyingine.

Kama pesa ya tangi kubwa bado haijapatikana, anza na sikilidi wadogo wa ziwa hilohilo, wale wanaoishi kwenye makombe ya konokono. Hawazidi kidole, na lita 54 zinawatosha kabisa. Laiti ningelijua hilo mapema!

Mwenye uzoefu zaidi atumwagie hapo chini. Tupo pamoja.