Kadi ya Chama na Rangi ya Mtu

Serikali ya kikoloni ilipopima viwanja vya Magomeni, Temeke na Kinondoni baada ya Vita Kuu ya Pili, hakuna aliyehitaji kuuliza vimekusudiwa nani. Mji wa Dar es Salaam ulikuwa umekwisha kugawanywa. Wajerumani walianzisha wazo la kutenga makazi, na Waingereza wakalikamilisha katika miaka ya 1920 kwa kanuni za ujenzi. Kanda ya kwanza ilikuwa ya nyumba za Kizungu upande wa baharini, ya pili ya maduka na makazi ya Wahindi, na ya tatu, yenye Kariakoo, ya nyumba za udongo na makuti. Kati ya Kariakoo na Uhindini paliachwa uwanja wa Mnazi Mmoja. Kanuni zilitaja aina ya nyumba, hazikutaja ngozi ya mwenye nyumba, lakini kila mtu alijua nani ana uwezo wa kujenga wapi. Baadaye kanda zikapewa majina mapya: Oyster Bay ikawa ya msongamano mdogo, Upanga wa kati, Magomeni na Temeke mkubwa. Watu walibaki palepale.

Naanza na ramani kwa makusudi. Historia ya vyama vyetu husimuliwa mno kwa hotuba na majina ya viongozi, na msomaji hubaki akishangaa kwa nini TANU, chama kilichokuja kusifiwa kwa kutobagua, kilizaliwa kikiwa na mlango wa Waafrika peke yao. Jibu liko mtaani. Anayehesabiwa kwa rangi anapopanga nyumba, anapotibiwa na anapompeleka mwanawe shule, hawezi kulaumiwa akijipanga kisiasa kwa rangi hiyo hiyo.

African Association ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, Cecil Matola akiwa rais na Kleist Sykes katibu. Wahindi na Wazungu walikuwa na vyama vyao, na serikali ilizungumza na kila kundi kivyake. Aprili 1953 Julius Nyerere alichaguliwa kuongoza chama hicho, wakati huo kikiitwa Tanganyika African Association (TAA), na tarehe 7 Julai 1954, katika jengo la mtaa wa New Street ambao leo ni Lumumba, TAA ikawa TANU. Uanachama ulibaki wa Waafrika. Kadi zilisambaa Kariakoo, Ilala na Magomeni kupitia watu ambao serikali haikuwahesabu kuwa wanasiasa: madereva, wachuuzi, wapishi wa pombe, na vikundi vya ngoma vya akina mama ambavyo Bibi Titi Mohamed aliviingiza chamani. Nyumba aliyoishi Nyerere mtaa wa Ifunda, Magomeni, siku hizi ni makumbusho, na anayekwenda huko hana budi kutazama pia mtaa wenyewe. Kiongozi wa chama cha taifa aliishi katika kiwanja cha msongamano mkubwa, miongoni mwa waliokuwa wakinunua kadi zake.

Gavana Edward Twining alikuwa na jibu lake. Alitaka serikali ya rangi tatu yenye mizani sawa: katika Baraza la Kutunga Sheria la 1955, viti 30 vya wasio maofisa wa serikali viligawanywa kumi kwa Waafrika, kumi kwa Waasia, kumi kwa Wazungu. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni nane, Wazungu yapata elfu ishirini. Mwaka 1956 kikaundwa chama cha United Tanganyika Party (UTP) chini ya Ivor Bayldon, ambacho kilipokea wanachama wa rangi zote na kuihubiri mizani hiyo. Kwa hiyo Tanganyika ilikuwa na chama kilichofungua mlango kwa wote ili wachache waendelee kutawala, na chama kilichoufunga kwa wasio Waafrika ili wote waje kuwa raia sawa. Anayevipima vyama kwa maandishi ya katiba zao tu atakosea hesabu hapa.

Kisha ikaja karatasi ya kura. Kwa uchaguzi wa 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa unaotambuliwa. Makuli wengi wa bandarini waliolala Temeke waliachwa nje. Na aliyefuzu hakupewa uhuru wa kumchagua mtu wake akaondoka. Ilimpasa aweke alama tatu, moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia, moja kwa Mzungu. Akiacha moja, kura yake imeharibika. Karani wa Magomeni aliyenyimwa haki ya kuishi jirani na Mzungu sasa alilazimishwa kumchagua Mzungu wa kumwakilisha.

Wana-TANU wengi waliona huo ni udhalilishaji na wakataka kususia. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulitishia kukipasua chama. Nyerere alitetea kushiriki, na wajumbe wakakubali kile kilichoitwa baadaye Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitoa, akaanzisha African National Congress na kusimama kwenye msimamo kwamba Afrika ni ya Waafrika. Mtemvu anastahili zaidi ya mstari mmoja anaopewa kwa kawaida. Aliyoyasema ndiyo yaliyokuwa yakisemwa barazani na wengi waliobaki ndani ya TANU.

Waliobaki waligundua kitu ambacho Twining hakukitarajia. Kwa kuwa Waafrika walikuwa wengi kati ya wapiga kura, wao ndio walioamua Mzungu gani na Mhindi gani aingie barazani. TANU ikatafuta marafiki: Derek Bryceson, mkulima na rubani wa zamani wa vita, Sophia Mustafa wa Arusha, Amir Jamal, na mawakili K.L. Jhaveri na Mahmud Rattansey, waliokuwa wamemtetea Nyerere mahakamani mwaka ule wa 1958. UTP haikupata kiti hata kimoja. Mtego uliotegwa kuwagawa wapiga kura ukageuka kuwa shule yao ya kumpima mgombea kwa msimamo wake. Hata hivyo kina Bryceson na Jamal walibaki watu wa TANU wasio na kadi ya TANU. Walikipigania chama ambacho katiba yake ilikuwa bado haijawaruhusu kuingia.

Suala hilo lilichemka Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, muswada wa uraia ulipofika bungeni. Baadhi ya wabunge wa TANU yenyewe walitaka uraia uwe wa Waafrika. Nyerere aliyafananisha mawazo yao na ya Hitler, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu. Muswada ukapita. Mwaka uliofuata Mtemvu alisimama dhidi ya Nyerere kugombea urais, akapata kura 21,276, kama asilimia mbili. Mwaka 1963 TANU ikawafungulia raia wa asili zote uanachama, na Mtemvu mwenyewe akarudi TANU.

Hapo wengi hufunga kitabu, nami naona ndipo kisa kinapokuwa kigumu. Mapema Januari 1964 Nyerere alitangaza mwisho wa kuwapendelea Waafrika katika ajira serikalini. Raia wote wangetendewa sawa. Usiku wa kuamkia tarehe 20 askari wa kambi ya Colito, Lugalo ya leo, waliasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Maduka ya Wahindi na Waarabu yaliporwa na raia wakauawa. Kura za Mtemvu zilikuwa chache, lakini manung'uniko aliyoyasemea hayakuhesabika kwa kura.

Na bado, katika uchaguzi wa 1965, wa chama kimoja na wa alama za jembe na nyumba, wapiga kura wa upande wa kaskazini wa Dar es Salaam walimchagua Bryceson mbele ya Mwafrika mwenzao. Mambo hayo mawili yalitokea katika mji mmoja, pengine miongoni mwa watu wale wale, na siamini kwamba moja linalifuta jingine.

Linganisha na Marekani: huko majina ya vyama yalibaki na watu wakahama. Weusi waliokuwa wa chama cha Lincoln, Republican, walianza kukihama wakati wa Roosevelt, na baada ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 Wazungu wa Kusini nao wakaanza kuelekea kwa Republican. Kwetu chama kilibaki na watu wake, kikabadili masharti ya kadi. Hasira ndiyo iliyohama. Utaifishaji wa majengo wa 1971, ulioendeshwa kwa jina la tabaka, uliwaangukia zaidi Waasia, na wengi wakaondoka nchini. Vyama vingi viliporudi 1992, sheria ikapiga marufuku chama cha rangi, kabila au dini. Mchungaji Christopher Mtikila akajaza viwanja kwa kuwatetea walalahoi dhidi ya magabacholi, kama alivyowaita Waasia, ingawa chama chake kilikaa bila usajili wa kudumu miaka kadhaa. Muongo mmoja baadaye Iddi Simba, mbunge wa Ilala kwa tiketi ya CCM, mrithi wa TANU, aliandika kitabu kuhusu uzawa. Madai ya Mtemvu yalikuwa yamerudi ndani ya nyumba.

Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo uuzaji wa rejareja na uwakala wa kutuma fedha kwa simu, baada ya wafanyabiashara wa Kariakoo kulalamika kwa muda mrefu kuhusu wageni, Wachina hasa. Amri hiyo inauliza uraia, na inafuata mstari uliochorwa bungeni Oktoba 1961. Katika vibanda vya Tandika na Mwananyamala, mwenye duka aliyezaliwa hapa kama baba yake na babu yake anaweza kujikuta akiweka kitambulisho cha taifa karibu na droo ya pesa, kwa sababu sura yake haimtoshi.