Sindano Inayouliza

Huku kwetu Dodoma kiuno ni habari ya kila nyumba. Mama wa Kigogo anainamia jembe la mkono tangu mvua za kwanza mpaka palizi, akitoka hapo anajitwisha ndoo ya maji. Mponda kokoto naye kutwa kajikunja. Wakifika hospitali wanaomba kitu kimoja tu: sindano. Nikajiuliza, hiyo sindano ya mgongo ilitoka wapi, na hasa inafanya nini?

Mwaka 1911 Joel Goldthwait, daktari wa Boston, Marekani, aliandika kwamba maumivu ya kiuno yanaweza kutoka kwenye maungio madogo yanayoshikanisha pingili za mgongo kwa nyuma. Mwaka 1933 Ralph Ghormley akayapa maradhi hayo jina. Lakini mwaka 1934 Mixter na Barr wakaonyesha kuwa diski iliyochomoza kati ya pingili hubana mshipa wa fahamu. Basi, madaktari wengi wakakimbilia diski, maungio yakawekwa kando.

Tatizo lilikuwa ushahidi. Eksirei huonyesha maungio yaliyolika hata kwa mtu asiyeumwa. Ndipo sindano ikapewa kazi ya kuuliza. Mwaka 1976 Mooney na Robertson, Wamarekani, walidunga maji ya chumvi kali kwenye maungio hayo, kiuno kikauma. Wakatia ganzi, kikatulia. Yaani ukikitia kiungo ganzi na maumivu yakaondoka, umempata mshitakiwa.

Kumbe shahidi mmoja hatoshi! Mwaka 1994 Schwarzer na wenzake walipima wagonjwa 176. Ganzi ya kwanza iliwapa nafuu asilimia 47. Walipopimwa tena kwa ganzi ya aina nyingine, waliothibitika ni asilimia 15 tu ya wote.

Na kutibu je? Mwaka 1991 Carette na wenzake, Kanada, waliwadunga wengine dawa ya steroidi, wengine maji ya chumvi ya kawaida. Baada ya mwezi, waliopata nafuu kubwa walikuwa asilimia 42 kwa 33. Tofauti hiyo haikutosha kuisifia dawa. Mwaka 2016 taasisi ya NICE ya Uingereza ilishauri sindano za mgongo zisitumike kutibu maumivu ya kawaida ya kiuno. Ya ganzi, ya kupima, ikabaki kwa wachache wanaofikiriwa kuchomwa kwa joto vijishipa vinavyopeleka maumivu.

Bibi yangu wa Chamwino alitaka kuuza mbuzi wawili apate sindano. Nilimwambia, "Bibi, muulize daktari kwanza: hii ni ya kupima au ya kutibu?" Mbuzi wawili si mchezo.

Jambo moja limenikaa moyoni. Pamoja na eksirei na ganzi zote hizo, kipimo chenyewe ni neno la mgonjwa anapoulizwa: "Bado panauma?" Hakuna mashine inayomjibia. Basi bibi akisema panauma, tusimkatize.